Jaji Wamechoka

Wifi yangu Kalindi alijua hesabu mpaka inakera. Nikinunua kitambaa, kabla sijashika mkasi ameshaniambia zitatoka blauzi ngapi na kitabaki kipande cha kufutia meza. Mimi ni fundi wa blauzi hapa hapa mjini Akola, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na sipendi kufundishwa kazi yangu. Lakini hakuwahi kukosea, kwa hiyo nilinyamaza, na wanaonijua watakwambia kwamba kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Aliolewa na kaka yangu Nilkanth akiwa na shahada ya sayansi, aliyosomeshwa kwa Kimarathi, lugha yetu, na tamaa moja isiyomtoka: kuingia chuo cha uongozi wa biashara, kimoja cha vile vikubwa ambavyo vijana wa India nzima huvigombania kwa mtihani mmoja kila mwaka. Mtihani huo una sehemu tatu na kila sehemu ina kizingiti chake. Ukijikwaa kwenye kimoja, hata kama viwili umeviruka kama mbuzi, umekwisha. Mwaka wa kwanza Kalindi aliruka hesabu, akaruka mantiki, akaangukia pua kwenye lugha. Lugha yenyewe ni Kiingereza: unapewa habari ndefu usome na kujibu, kisha unapewa sentensi zilizovurugwa uzipange upya mpaka ziwe aya moja yenye akili.

Matokeo yalipotoka, Baba walimwita sebuleni. Nasema “walimwita” ingawa baba yangu ni mmoja tu, kwa sababu kwetu mwanamume mzima hatajwi kwa umoja. Baba wamekula, Baba wamelala, Baba wamekasirika. Mama ndiye sisi watoto tunayemtaja kwa umoja. Sijui nani aliamua kwamba aliyetuzaa na kutuogesha hastahili wingi, ila najua hakuniuliza mimi. Na mke wa mwana, huyo hata umoja wenyewe anapewa kwa kubaniwa.

“Binti,” Baba walisema, “ulitaka mtihani, umeupata. Nakupa mwaka mmoja zaidi. Ukipita, utakwenda chuoni na hakuna atakayefungua mdomo. Usipopita, vitabu tunaviuza na wewe unakaa dukani.”

Duka lenyewe ni la mbegu za pamba na dawa za wadudu, na harufu yake inaingia mpaka kwenye nywele. Hakuna ubaya kukaa dukani. Lakini nilimtazama Kalindi alivyoizungusha ncha ya sari kidoleni, nikajua kwamba kwake ile kaunta ni kaburi.

“Sawa, Baba,” alisema.

Akajiandikisha darasa la mwalimu Kolte, juu ya duka la dawa za hospitali, ambako ngazi zimejaa viatu vya vijana. Kolte ni mtu wa sauti kubwa na shati lililobana. Kwanza aliwaambia wakariri maneno magumu, na Kalindi akakariri maneno ambayo naamini Waingereza wenyewe wameshayatupa. Alikuwa anayatamka huku anapiga mikate ya mtama, na kila neno kofi. Kisha Kolte akabadilisha wimbo: maneno magumu siku hizi hayaulizwi, someni magazeti. Kalindi akasoma magazeti. Alama zake za majaribio hazikupanda hata kidogo. Wakati mwingine alipata zote, wakati mwingine alikosa zote, na hapakuwa na mpangilio wowote wa kueleweka. Hilo ndilo lililomtesa zaidi, maana yeye ni mtu wa mpangilio.

Siku moja mwezi wa Agosti alirudi darasani macho mekundu. Akapita chumbani kwangu, akaenda jikoni, akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

“Nani kakufanya nini?” nikamuuliza.

“Hakuna, wifi.”

“Kalindi, vitunguu vya wiki nzima umevimaliza. Nani?”

Ndipo akanisimulia. Kolte aliandika ubaoni sentensi nne zilizovurugwa. Moja ilisema kwamba jaji aliletewa wezi wawili wa mbuzi. Ya pili: walikuwa wamechoka na nguo zao zimejaa matope. Ya tatu: yeye alikuwa hajala tangu asubuhi na alitaka kesi iishe upesi. Ya nne: kwa hiyo aliwauliza swali moja tu. Akamwinua Kalindi azipange na kueleza habari yenyewe.

“Nikaeleza,” Kalindi alisema. “Nikasema jaji walikuwa wamechoka na nguo zao zina matope. Na mwizi mmoja alikuwa na njaa, akataka kesi iishe upesi.”

“Halafu?”

“Halafu mwalimu akaniuliza, ‘Jaji ana matope?’ Nikamwambia, huenda walikuja kwa pikipiki, mwalimu, barabara zetu si unazijua? Darasa zima likaanguka chini kwa kicheko. Sasa wananiita Jaji Matope. Mpaka kwenye ngazi, wifi. ‘Jaji Matope, pita!’”

Nilichemka. Nilitaka kwenda kwa huyo Kolte na mkasi wangu. Mama, ambaye alikuwa anapepeta dengu karibu na mlango, akainua kichwa.

“Sasa kosa liko wapi?” Mama akauliza. “Jaji wamechoka. Kazi yao nzito. Mimi naona amejibu vizuri.”

“Hata mimi naona hivyo hivyo,” nikasema. “Na mwizi lazima awe na njaa, ndiyo maana kaiba mbuzi.”

Kalindi akaacha kisu. Akanitazama mimi, akamtazama Mama, akanirudia mimi.

“Wifi,” alisema polepole, “sote watatu tumekosea mahali pamoja.”

“Nani kakosea?”

“Sikiliza. Kwa Kiingereza ‘wao’ ni watu wengi. Basi. Wenye matope ni wezi, kwa sababu ndio wawili. Jaji ni mmoja, basi jaji ni ‘yeye’. Mwenye njaa ni jaji.”

“Jaji awe ‘yeye’?” Mama alisema, na ungo ukasimama hewani. “Kama mtoto wa mtaani?”

“Ndiyo, Mama. Jaji na mwizi, wote ‘yeye’.”

“Lugha gani hiyo haina adabu,” Mama akasema, akarudi kwenye dengu zake.

Lakini Kalindi alikuwa ameshakimbilia vitabu vyake. Alitandaza karatasi zote za majaribio sakafuni kwangu, juu ya vipande vya satini ya watu, na sikumfukuza. Akapekua moja baada ya nyingine. Habari za vipepeo, amepata. Habari za mawe na volkano, amepata. Habari za mfalme, amekosa. Za babu na wajukuu wake, amekosa. Za daktari na wagonjwa, za mwalimu na wanafunzi, za kasisi na waumini, amekosa, amekosa, amekosa. Popote palipokuwa na mtu wa kuheshimiwa karibu na kundi la watu, yeye alichukua kila “wao” akampelekea mkubwa, na kila “yeye” akamtupia mnyonge.

“Kumbe si Kiingereza changu, wifi,” alisema, ameketi katikati ya karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yale nikamwona anacheka. “Ni adabu yangu!”

Kujua ugonjwa ni kitu kimoja na kupona ni kingine. Akilini alielewa siku ile ile. Lakini mtihani una saa inayokukimbiza, na ukikimbizwa huamui kwa akili, unaamua kwa mazoea. Mazoea ya Kalindi yalikuwa ya tangu tumboni. Akipewa dakika kumi, anapanga sawasawa. Akipewa mbili, mfalme anapata wingi wake na kila kitu kinaharibika.

Nikashika kazi mimi. Nilikata aya za gazeti la Kiingereza kwa mkasi wa blauzi, nikazichanganya kwenye bati la biskuti, nikawa namwagia mbele yake huku yeye anageuza mikate. Kiingereza changu ni cha kusoma vibandiko vya nguo, ila kuangalia kama vipande vimeshikana pale nilipokata, hilo naliweza. Alikosea, nikamzomea. Alikosea tena, nikamwita Jaji Matope, akanitupia unga.

“Tatizo ni ulimi,” nikamwambia siku moja. “Ulimi wako haujawahi kumtaja mtu mzima kwa umoja. Ujaribu.”

“Nijaribu vipi?”

“Anza na mzee Ingle.”

Mzee Ingle ni jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta, mwalimu mstaafu. Mimi namtaja kwa umoja siku zote kwa makusudi, kwa sababu anafungulia maji yote asubuhi mpaka yetu yanakauka.

“Mzee Ingle… a… a…” Kalindi alifunika uso kwa mikono. “Siwezi, wifi!”

“Anakohoa. Sema.”

“Mzee Ingle anakohoa,” alisema, halafu akatazama dirishani kana kwamba radi itapiga.

Haikupiga. Siku zilizofuata tukapanda ngazi. Tulimtaja kwa umoja daktari wa mtaa, meneja wa benki, mjomba wetu wa mjini Pune. Mama mwanzoni alikasirika, kisha akaanza kusikiliza, kisha nikamkuta peke yake mbele ya sufuria ananong’ona: “Yeye anataka chai tena. Yeye! Kanywa sasa hivi!” Alivyolitamka hilo neno ungedhani ni peremende. Alikuwa amemtumikia baba yangu kwa wingi miaka arobaini.

Aliyebaki ni Baba wenyewe. Kalindi aliapa hatafika huko. Nami nikamwambia kwamba asipofika huko, huko ndiko mtihani utakakompeleka.

Mchana mmoja mwezi wa Oktoba umeme ulikatika mjini. Tulikuwa jikoni, mimi na yeye na Mama, na Kalindi akapiga moyo konde. Alisimama wima, kijiko mkononi, akasema kwa sauti ya kutoa hotuba:

“Baba amesahau miwani yake! Yeye anafikiri iko dukani! Haiko dukani. Ameivaa kichwani!”

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha ghafla. Niligeuka. Baba walikuwa wamesimama mlangoni, kwa sababu bila umeme walifunga duka mapema, na miwani yao ilikuwa kichwani.

Waliishusha miwani wakaiweka machoni, wakamtazama Kalindi, wakaenda chumbani kwao. Kijiko kilimwanguka Kalindi mkononi.

“Nimekwisha,” alisema. “Wifi, nimekwisha. Sasa hata huo mtihani sitafika.”

Na mimi nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Baba si watu wa kupiga kelele. Wakikasirika wanaamua, na wakishaamua wameamua. Nilkanth aliporudi tukamweleza, akashika kichwa.

Jioni Baba walitoka, wakakaa mbele ya sahani yao, hawakugusa chakula.

“Binti,” walisema. “Leo umeniita ‘yeye’.”

Kalindi hakujificha nyuma ya mumewe wala nyuma yangu. Alikwenda akaleta lile bati la biskuti, akapiga magoti, akapanga mbele ya sahani ya Baba vipande vinne vya karatasi. Ilikuwa ile habari ya jaji, ameitafsiri kwa Kimarathi, lakini ameacha “yeye” na “wao” kama vilivyokuwa kwenye Kiingereza.

“Baba, nisameheni. Kabla hamjaniadhibu, naomba mnipangie hizi.”

Baba walivaa miwani vizuri. Walisoma. Walisogeza kipande kimoja, wakasogeza kingine, kwa kidole kimoja, kama wanavyopanga pakiti za mbegu.

“Rahisi,” walisema. “Jaji wamechoka, wana matope. Mwizi ana njaa.”

“Nami nilijibu hivyo hivyo, Baba. Nikapata sifuri, na darasa zima likanicheka. Mwaka jana nilijibu hivyo hivyo, ndiyo maana nilianguka.” Akaeleza yote: wao wa Kiingereza, yeye wa Kiingereza, mfalme, babu, daktari. Sauti yake ilianza nyembamba, ikaishia imara. “Sikukosa heshima, Baba. Heshima ilinizidi.”

Baba walivitazama vile vipande muda mrefu. Kisha mabega yao yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani, Mungu wangu, tumewaliza. Kumbe walikuwa wanacheka. Mara ya mwisho kuwaona wanacheka hivyo ni siku wakala wa mbolea alipokaa kwenye kiti kilichovunjika.

“Jaji na matope!” walisema, wakifuta macho. “Haya. Sikilizeni wote. Mpaka siku ya mtihani, ndani ya nyumba hii mimi ni ‘yeye’. Mtihani ukiisha, atakayeniita ‘yeye’ atakula nje na ng’ombe.”

“Yeye kasema kweli,” Mama akajibu haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Wiki zile zilikuwa tamu kupita zote nilizoishi nyumbani kwetu. Yeye ameamka! Yeye anaoga! Yeye anatafuta soksi! Kalindi alikuwa anapanga vipande vyangu upesi kuliko nilivyoweza kuvikata. Kule darasani kwa Kolte, wale vijana wa “Jaji Matope” walianza kumwomba akae nao.

Mtihani ulikuwa mjini Nagpur. Tulikwenda kwa treni, Nilkanth, Kalindi na mimi, na mimi nikakaa nje ya lango na wazazi wa watu, tukimenya machungwa na kudanganyana kwamba hatuna wasiwasi. Alipotoka uso wake haukusema kitu.

“Vipi?”

“Kulikuwa na malkia na wajakazi wake,” alisema. “Malkia nilimvua wingi nikampa umoja, wajakazi nikawapa wao. Sikuona haya hata kidogo. Lakini sijui, wifi. Msiniulize.”

Hatukumuuliza. Kesho yake Baba walirudi kuwa wengi, na mimi nikarudi kushona.

Matokeo yalitoka mapema Januari. Nilkanth alikaa na simu barazani, anabonyeza, mtandao unazunguka, anabonyeza tena. Kalindi alikataa kuja. Alikuwa jikoni anachoma biringanya juu ya moto, mgongo umetugeukia, na biringanya lenyewe lilishaungua zamani.

“Hesabu amevuka,” Nilkanth alisoma. “Mantiki amevuka.” Akabonyeza tena. Nilitaka kumpiga. “Lugha…”

“Lugha nini? Sema, wewe!”

“Lugha amevuka. Pramila, dada yangu, lugha ameivuka kuliko hesabu!”

Nilipiga kelele ambayo wateja wangu wanaikumbuka mpaka leo. Kalindi alitoka jikoni, mikono myeusi kwa masizi, akamnyang’anya mumewe simu, akasoma mwenyewe kidole kikiwa chini ya kila namba. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye kizingiti cha mlango, akacheka na kulia kwa pamoja. Nami nikamkumbatia na masizi yake yote. Nilimwonea fahari kiasi cha kuumwa kifua.

Baba waliinuka, wakatoka uani. Mzee Ingle alikuwa ameshaweka kichwa juu ya ukuta.

“Kelele za nini?” aliuliza.

“Wamepita,” Baba walisema.

“Wamepita kina nani? Vijana wangapi?”

“Mmoja. Kalindi wetu. Wamepita mtihani.”

Mzee Ingle alifundisha sarufi maisha yake yote. “Huyo si mke wa mwanao?” alisema. “Mke wa mwana huwezi kusema ‘wamepita’. Sema ‘amepita’.”

“Nimesema wamepita,” Baba walijibu, kwa sauti ambayo hata darasa la Kolte lingeisikia. “Wanakwenda chuo kikuu cha biashara. Na wakirudi, wewe pia utawaamkia.”

Kalindi, pale chini kizingitini, aliacha kucheka. Aliweka mkono mweusi mdomoni. Sijawahi kusikia, wala mama yangu hajawahi kusikia, mke wa mwana akitajwa hivyo mtaani kwetu, tena na baba mkwe, tena mbele ya mwalimu wa sarufi.

Nilkanth alikimbia sokoni kuleta peda, zile peremende laini za maziwa. Boksi lilipofunguliwa Baba walilishika wenyewe, wakampa Kalindi ya kwanza, wakanipa mimi. Mama alikuwa amesimama nyuma, mlangoni mwa jikoni, anatoa maganda yaliyoungua ya lile biringanya, kwa sababu sherehe au si sherehe, watu watakula.

“Mama Pramila,” Baba wakaita. “Njooni mle peda.”

Mama akageuka kutazama nyuma yake ni nani wengine walioitwa. Hakukuwa na mtu.